Breki za Gari la Spoti Zinapolia Malindi: Anza na Kutu Kabla ya Kununua Pedi

Gari la spoti likipita Casuarina huku breki zikilia kwenye kila tuta, ushauri unaotolewa pale pale huwa mmoja: pedi, yaani vipande vinavyobana diski ya gurudumu, zimeisha, weka mpya. Mara nyingi hazijaisha. Mwenye gari akifunga mpya bila kugusa kitu kingine, baada ya wiki chache mlio unarudi vile vile, kwa sababu kasoro haikuwa kwenye pedi bali mahali pedi inapokaa. Hapa Malindi chumvi huila braketi, fremu ya chuma inayobeba pedi, kabla barabara haijaila pedi.

Mlio wenyewe ni mtetemo. Pedi ikibana diski haishiki mfululizo; hushika na kuteleza, hushika na kuteleza, maelfu ya mara kwa sekunde moja, kama kiti kinachoburutwa kwenye sakafu ya saruji. Pedi iliyokaa sawa, yenye klipu zake, shimu (bati jembamba) mgongoni na grisi kidogo, huuzima mtetemo huo papo hapo. Ikiwa imelegea upande mmoja na kukwama upande wa pili, mtetemo unahamia kwenye diski na kalipa, kifaa chenye pistoni zinazozisukuma pedi, na mtaa mzima unasikia. Kwa hiyo lengo la kazi yote hii ni pedi itembee kwa uhuru pale inapokaa, lakini isichezecheze.

Magari ya spoti yana lao zaidi. Pedi zake huwa ngumu ili zistahimili joto, na pedi ngumu hulia zaidi ikiwa baridi. Tena kalipa zake nyingi hazina pini za kutelezea. Kalipa za Brembo za Subaru Impreza WRX STI, zenye pistoni nne mbele na mbili nyuma, zimefungwa imara bila kusogea. Kinachosogea ni pedi peke yake ndani ya kalipa ya alumini, na ikikwama humo hakuna cha kuisaidia. Pedi za mashindano zisifungwe kwenye gari la mjini kabisa. Hazishiki vizuri mpaka zipate joto kali, na joto hilo hulipati ukitembea kwenye Barabara ya Lamu katikati ya tuktuk. Wenye Ferrari au Porsche za diski za kaboni na seramiki wajue kwamba diski hizo hulia zikilowa, na hilo si ugonjwa.

Sikiliza kabla ya kushika spana

Fungua madirisha yote, uendeshe kwa kilomita 20 kwa saa kando ya ukuta mrefu. Ukuta unarudisha sauti, utajua ni upande gani. Sikiliza bila kukanyaga breki, kisha ukikanyaga kidogo, kisha kwa nguvu, halafu ukirudi nyuma.

Mluzi mwembamba unaosikika hata bila breki, na unaonyamaza au kubadilika ukikanyaga, ni ulimi mdogo wa chuma uliofungwa kwenye pedi makusudi ili uguse diski pedi ikibaki milimita 2 au 3. Hapo kweli pedi zimeisha. Mlio wa asubuhi tu, unaokwisha baada ya breki tano au kumi, ni kutu nyembamba iliyoota usiku juu ya diski kwa unyevu wa bahari. Huo uache.

Mlio unaotokea ukikanyaga kidogo na kupotea ukikanyaga kwa nguvu ndio wa mtetemo, na ndio unaowasumbua watu wengi. Sauti ya kukwangua isiyokatika, hasa baada ya kupita barabara ya murami, mara nyingi ni kokoto iliyonasa kati ya diski na bamba la kuzuia vumbi. Rudisha gari nyuma mita chache, huenda ikaanguka. Isipoanguka, panua bamba kidogo kwa bisibisi bapa. Uvumo unaopanda na kushuka ukikata kona ni wa beringi, si wa breki. Na ukisikia chuma kikisaga chuma, usiendelee na safari. Gari livutwe.

Kipimo cha mwisho ni joto. Endesha kilomita tano ukitumia breki kidogo iwezekanavyo, usimame polepole, upime kila diski kwa kipimajoto cha mwanga, kinachopima bila kugusa. Magurudumu mawili ya ekseli moja yanapaswa kukaribiana. Moja likizidi mwenzake kwa nyuzi 30 au zaidi, pedi imekwama au pistoni hairudi. Kama huna kipimajoto, sogeza kiganja karibu na rimu bila kuigusa. Diski yenyewe usiiguse kamwe.

Vifaa

Jeki nzuri, stendi mbili, vigingi vya kuzuia matairi, soketi za 12, 14, 17 na 19, spana ya torki (inayopima nguvu ya kukaza), brashi ya waya, tupa bapa, msasa namba 120, klampu, kipande cha waya cha kuninginizia kalipa, makopo mawili ya spreyi ya kusafishia breki, na barakoa. Ukifanyia kazi nje kwenye mchanga, weka ubao mpana na mgumu chini ya jeki na chini ya kila stendi. Mchanga wa Malindi unazama bila kukuarifu.

Grisi ziwe mbili: ya silikoni kwa pini na mipira, na ya seramiki inayostahimili joto kwa sehemu ambazo pedi inagusa chuma. Grisi ya kawaida ya beringi haifai. Inayeyuka kwa joto, na mafuta yake yanavimbisha mipira ya kalipa. Grisi ya shaba wengi wanaipenda, lakini pwani ni bora kuiacha, hasa kwenye kalipa za alumini: shaba, alumini na chumvi vikikutana, kinacholiwa ni alumini.

Ukihitaji pedi mpya, tafuta zenye alama ya herufi E ndani ya duara na namba yenye 90R mgongoni. Hicho ni kiwango cha kimataifa cha pedi za badala. Pedi isiyo na namba yoyote, iliyo ndani ya boksi lenye nembo kubwa na herufi zilizokosewa, irudishe dukani. Nunua seti ya ekseli nzima, yaani pedi nne.

Kufungua

Fanya upande mmoja kwanza, umalize, ndipo uende wa pili. Hivyo kila mara kuna upande mzima wa kuangalizia. Legeza nati za gurudumu nusu mzunguko gari likiwa bado chini, inua, weka stendi, tikisa gari kabla ya kuingiza mkono. Piga picha kila hatua kwa simu.

Tazama chupa ya mafuta ya breki. Ikiwa imejaa hadi alama ya juu, vuta kidogo kwa bomba la sindano, kwa sababu pistoni zikirudishwa mafuta yatapanda na kumwagika, na mafuta hayo yanachubua rangi ya gari.

Kalipa ya kuteleza ina bolti mbili nyuma. Zitoe, kisha ining'inize kwa waya kwenye springi, usiiache ining'inie kwa mpira wake wa mafuta. Kalipa ya Brembo haihitaji kung'olewa ili pedi zitoke: ondoa klipu ndogo, gonga pini taratibu, toa springi ya bati iliyo katikati, vuta pedi. Ziandike kwa kalamu ipi ya ndani na ipi ya nje.

Sasa zisome pedi. Mpya huwa na unene wa milimita 10 hadi 12 hivi bila kuhesabu bati la mgongo. Ikifika 3, ni ya kubadilisha. Ya ndani ikipishana na ya nje kwa zaidi ya milimita 2, kuna kilichokwama. Ikiwa imelika mshazari, nene upande mmoja na nyembamba wa pili, pini au masikio yake, yaani ncha zake zinazokaa kwenye braketi, hayatembei. Uso unaong'aa kama kioo umeungua na hauwezi kushika vizuri. Kisha tazama kwa makini mstari ambapo pedi imeunganishwa na bati. Pwani kutu huingia hapo, huvimba, na kuibandua pedi taratibu kutoka kwenye bati. Ukiona ufa au kutu iliyopenya kwenye mstari huo, tupa seti yote hata kama imebaki milimita 8. Pedi ya namna hiyo inaweza kung'oka gari likiwa kwenye mwendo.

Vumbi la breki lisipulizwe kwa kompresa. Lowesha kwa spreyi, futa kwa kitambaa, kitupe. Petroli usiitumie.

Mahali pedi inapokaa

Hapa ndipo kazi ilipo, na hapa ndipo gereji nyingi hupita haraka. Ng'oa klipu za bati zisizoshika kutu zilizo kwenye braketi. Chini yake utakuta kutu imejijenga tabaka juu ya tabaka, nyeusi na ngumu, ikibanduka kama magamba. Nusu milimita tu ya kutu hiyo inatosha kuisukuma klipu juu hadi ibane sikio la pedi. Pedi ikibanwa hairudi baada ya breki. Inaendelea kuigusa diski, inapata joto, inang'aa, inalia. Ukiangalia kwa juu klipu zinaonekana safi na huwezi kushuku lolote.

Piga brashi ya waya kwanza, kisha pitisha tupa bapa kwa mkono mwepesi mpaka chuma cheupe kitokee. Lenga kutu, si chuma. Mfereji ukipanuka pedi itacheza na mlio utabaki. Kona za ndani zimalizie kwa ncha ya bisibisi. Kwenye kalipa ya alumini hutakuta kutu nyekundu bali unga mweupe mgumu, mara nyingi chini ya mabati madogo ambayo pedi huegemea. Huo uondoe kwa brashi ya nailoni na kipande cha plastiki kigumu. Mashine ya kusaga isikaribie hapo, alumini ni laini.

Masikio ya pedi nayo hukaguliwa, hata ya pedi mpya. Pedi nyingi za bei ya chini huja na rangi nene kwenye masikio, na rangi hiyo peke yake inatosha kuikwamisha. Ikwangue kwa tupa. Rudisha klipu, mpya kama zimepinda, kisha ingiza pedi bila grisi. Inapaswa kuteleza kwa kusukumwa na kidole kimoja, na ukiitikisa juu na chini isigonge. Ukiona fundi anaichukua nyundo ili pedi iingie, msimamishe. Kipimo hiki cha kidole kinachukua nusu dakika, na ndicho kinachotenganisha kazi itakayodumu na ile itakayolia tena kabla ya mwezi kuisha.

Kwenye kalipa za kuteleza, vuta pini zote mbili. Pini nzuri ni laini na inang'aa. Yenye vishimo vya kutu ibadilishe, haitengenezeki. Moja ya pini mara nyingi ina kipande cha mpira na nyingine haina, usizibadilishane nafasi. Osha grisi ya zamani, paka ya silikoni tabaka jembamba. Ukijaza tundu, hewa na grisi vinakosa pa kwenda na pini inajisukuma nje yenyewe. Mpira wa vumbi uliopasuka ubadilishwe siku hiyo hiyo, kwani ndiyo njia ya maji ya chumvi.

Pistoni zirudishwe polepole kwa klampu na pedi ya zamani. Kwenye kalipa ya pistoni nne, zuia nyingine wakati unasukuma moja, la sivyo ile ya jirani itatoka. Pistoni inayokataa kurudi, au yenye mpira uliochanika, inahitaji kalipa ifunguliwe, iwekwe mipira mipya na mfumo utolewe hewa. Kama hujawahi kazi hiyo, mpe fundi wa breki. Magari yenye breki ya mkono ya umeme yawekwe kwanza kwenye hali ya matengenezo, vinginevyo mota ya nyuma inaweza kuharibika. Na kalipa za nyuma za aina fulani pistoni yake huzungushwa huku ikisukumwa, haisukumwi tu.

Diski

Unene wa chini kabisa umechongwa kwenye diski yenyewe, kwa kawaida kwa maandishi ya "MIN TH" na namba ya milimita. Pima kwa mikromita sehemu kadhaa. Ikifika namba hiyo, diski haichongwi wala haitumiki tena. Ukingo wa kutu ulioinuka pembezoni ni sababu ya mlio inayosahaulika, pedi mpya inagusa ukingo huo badala ya uso. Uondoe kwa tupa, au badilisha diski kama imelika sana.

Diski ikigoma kutoka kwenye habu (kitovu cha gurudumu), usiipige kwa nyundo ya chuma. Magari mengi ya Kijapani, Subaru zikiwemo, yana matundu mawili kwenye diski yenye nyuzi za kuskrubia. Ingiza bolti mbili za milimita 8, kaza moja robo mzunguko, kisha ya pili, kwa zamu, na diski itajisukuma yenyewe. Uso wa habu usafishwe mpaka ung'ae. Punje ya kutu iliyobaki hapo inaifanya diski iyumbe pembezoni, na diski inayoyumba zaidi ya milimita 0.05 hadi 0.1, kutegemea gari, italeta mtikiso kwenye kanyagio.

Uso wa diski usugue kwa msasa namba 120, kwa mizunguko midogo inayopishana, pande zote mbili. Diski za matundu huziba kwa vumbi la pedi. Zibua kwa ncha ya drili ukiizungusha kwa vidole.

Pedi, shimu na kurudisha

Pedi za zamani ambazo bado ni nene zinaweza kuokolewa. Laza msasa namba 120 juu ya kioo au kigae, sugua uso wa pedi mpaka mng'ao uishe wote. Kisha kwangua kingo mbili, ya mbele na ya nyuma kwa mwelekeo wa diski, kwa pembe ya nyuzi 45 na upana wa milimita 3. Ukingo mkali ndio unaokamata na kuanzisha mtetemo. Pedi nyingi nzuri huja zimekatwa hivyo kiwandani.

Shimu zisitupwe. Ni bati jembamba lenye mpira ndani, na kazi yake ni kuuzima mtetemo kati ya pistoni na pedi. Zilizobanduka zibadilishwe. Paka grisi ya seramiki tabaka la kuona kwa shida kati ya shimu na bati, pale pistoni inapogusa, na kwenye masikio. Kijiko kimoja cha chai kinatosha magurudumu yote manne. Grisi nyingi hukusanya mchanga na kugeuka msasa. Ikidondokea uso wa pedi, safisha mara moja kwa spreyi. Pedi iliyolowana mafuta haiponi, itupe.

Mtu akikushauri upake oili kwenye diski ili kelele ziishe, kataa. Zitaisha pamoja na breki.

Bolti zote zikazwe kwa torki ya kitabu cha gari lako, na nati za gurudumu kwa mtindo wa nyota. Nati za gurudumu za magari mengi ya Kijapani huwa kati ya Nm 90 na 120. Kabla ya kuwasha gari, kanyaga breki mara nyingi mpaka kanyagio liwe gumu. Usipofanya hivyo, kanyagio la kwanza litazama hadi sakafuni. Angalia kiwango cha mafuta. Baada ya kilomita 50 hadi 100, kagua nati tena.

Kuzoesha pedi na diski

Bila hatua hii pedi nzuri kabisa zinaweza kulia. Toka alfajiri, vuka Sabaki kuelekea Mambrui, utafute kipande cha lami kisicho na matuta, watu wala mifugo. Kutoka kilomita 60 kwa saa punguza hadi 10 kwa breki ya wastani, bila kusimama kabisa. Ongeza mwendo taratibu, rudia mara nane hadi kumi. Harufu ya kuungua ni kawaida kwa pedi mpya. Kisha endesha dakika kumi bila kugusa breki ili zipoe. Ukisimama na kukanyaga wakati zina joto, pedi inaacha alama yake kwenye diski, na alama hiyo italeta mtikiso na mlio. Kwa kilomita 300 za mwanzo usishike breki kwa nguvu isipokuwa kwa dharura.

Kuishi na chumvi

Maji ya visima vingi vya hapa yana chumvi. Kuosha magurudumu kwa maji hayo ni kuipeleka chumvi kwa mkono wako ndani ya kalipa. Tumia maji ya bomba au ya mvua, elekeza ndani ya rimu, kisha endesha kilomita mbili tatu ukikanyaga breki kidogo kidogo ili zikauke. Usioshe diski zikiwa moto. Wakati wa kusi, hasa Juni hadi Agosti, upepo unaporusha chumvi hadi barabarani, fanya hivyo kila wiki ikiwa unaegesha karibu na ufuo. Zile klipu na masikio ya pedi zifunguliwe na kusafishwa mara mbili kwa mwaka, kabla ya kusi na baada yake.

Mafuta ya breki hunyonya unyevu wa hewa. DOT 4, daraja mojawapo la mafuta hayo, ikiwa mpya haipaswi kuchemka chini ya nyuzi 230; ikishanyonya maji kiwango hicho kinashuka hadi 155, na maji hayo huziozesha pistoni kwa ndani. Pwani yabadilishe kila mwaka, usingoje miwili. DOT 5 ni ya silikoni, isichanganywe na DOT 4 wala 5.1.

Magari mengi ya spoti Malindi hulala miezi kadhaa mwenyewe akiwa safarini. Kabla ya kuliacha, osha na ukaushe breki kwa kuendesha, egesha ndani, weka gia na vigingi, breki ya mkono iachwe wazi. Akiwepo wa kuliendesha kilomita kumi kila wiki mbili, ni bora zaidi. Likikutwa pedi zimegandana na diski, usilazimishe kwa injini, pedi inaweza kubaki kwenye diski na bati likatoka peke yake. Inua, toa gurudumu, gonga kofia ya diski kwa nyundo ya mpira mpaka iachie, kisha zitoe pedi na uukague ule mstari wa bati kabla gari halijatoka getini.